Maji Usiyoyafika Hujui Wingi Wake

Ndugu msomaji, iwapo kijana wako amerudi nyumbani na kadi ndogo yenye picha yake, akakueleza kwamba sasa yeye ni mpiga mbizi aliyehitimu, mpongeze. Amefanya kazi. Amejifunza kupumua chini ya maji kwa hewa ya mtungi uliofungwa mgongoni, kutoa maji yaliyoingia ndani ya miwani bila ya kupanda juu, na kumgawia hewa mwenzake aliyeishiwa. Lakini ukisha kumpongeza, mwombe akueleze kadi hiyo imempa ruhusa ya kufanya nini. Akiwa mkweli atakwambia kwamba kozi ya kwanza, ambayo watu wengi huimaliza kwa siku tatu au nne, inamruhusu kushuka mita 18, akiwa pamoja na mwenziwe, katika maji yanayofanana na yale aliyofundishiwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo.

Katika Kiswahili cha bandarini, mzamiaji ni yule aliyejificha ndani ya meli ili asafiri bila ya tiketi. Huyo simo naye. Ninawazungumzia wale wanaoshuka baharini kwa mitungi ya hewa, na hao kwetu wameongezeka sana. Nungwi na Kizimkazi, Pemba, Mafia, hadi Watamu na Diani kwa jirani zetu wa Kenya, wapo vijana wetu wanaolisha familia zao kwa kazi ya kuwaongoza wageni chini ya maji. Wapo watumishi wa hifadhi za bahari, watafiti wa matumbawe, askari wa majini na wazima moto. Tena wapo wafanyakazi wa mijini ambao wiki nzima wako ofisini au kiwandani, na siku ya mapumziko hutafuta utulivu chini ya mawimbi. Wote hao huondoka nyumbani asubuhi wakaacha mama, mke, mume au watoto wanaotarajia kuwaona jioni. Kwa hiyo elimu yao inatuhusu sote.

Wazee walisema elimu ni bahari. Kwa mpiga mbizi msemo huo ni wa kweli kwa maana zote mbili. Cheti cha kwanza kinamfikisha ufukweni tu, na yaliyobaki yanamhitaji arudi tena na tena mbele ya mwalimu.

Hebu tuangalie kwa nini. Sisi tulio nchi kavu tunabeba uzito wa hewa iliyo juu yetu bila ya kuuhisi. Ndani ya bahari, kila mita 10 za maji huongeza uzito mwingine kama huo. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili, kwenye mita 30 ni mara nne, na kwenye mita 40 ni mara tano. Hewa anayoivuta mpiga mbizi humjia kwa mgandamizo ule ule wa maji yaliyomzunguka. Matokeo yake ni kwamba mtungi ambao ungemtosha saa nzima karibu na uso wa maji, kwenye mita 30 unamtosha robo saa tu. Mtu aliyezoea mita 12 akajitosa mita 30 kwa mazoea yale yale, ataishiwa hewa akiwa bado anatazama samaki.

Tena hewa si kitu kimoja. Karibu sehemu 79 katika kila mia ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii. Mtu anapokaa chini, naitrojeni huyeyuka ndani ya damu na nyama zake, na kadiri anavyoshuka ndivyo inavyoingia kwa wingi zaidi. Akipanda polepole, hutoka salama kwa njia ya mapafu. Akipanda kwa pupa, hufanya mapovu mwilini, mithili ya chupa ya soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa ghafla. Jedwali moja linalotumiwa sana na wapiga mbizi wa burudani linaruhusu kukaa dakika 56 kwenye mita 18, lakini dakika 20 tu kwenye mita 30. Zaidi ya hayo, kuanzia karibu mita 30 watu wengi huanza kulewa kwa naitrojeni hiyo hiyo. Fikra huwa nzito, mtu hufurahi bila ya sababu, akasahau kutazama kipimo cha hewa. Ulevi huo humpata hodari na dhaifu, na tajiri na maskini. Dawa yake ni kuutambua na kupanda mita chache, na kuutambua hufundishwa.

Ndiyo maana baada ya kozi ya kwanza ipo ya pili, ambayo katika mtaala unaotumika sana ina mbizi tano zinazosimamiwa na mwalimu, na humfikisha mwanafunzi kwenye mita 30. Ipo kisha kozi maalumu ya kina kirefu, inayokoma kwenye mita 40, ambazo ndizo mpaka wa uzamiaji wa burudani. Kupita hapo ni fani nyingine kabisa, yenye mitungi mingi, gesi za kuchanganywa na vituo vya kungojea wakati wa kupanda. Anayekwambia kwamba mita 50 ni mita 40 na kumi kidogo, mshukuru kwa mazungumzo, kisha tafuta mwenzi mwingine wa kuzama naye.

Ipo pia kozi ya hewa iliyoongezwa oksijeni, iitwayo naitroksi. Watu wengi huielewa visivyo. Husema, “Hii ni hewa nzuri zaidi, kwa hiyo nitakwenda chini zaidi.” Ukweli ni kinyume chake. Mchanganyiko wa kawaida una oksijeni sehemu 32 katika mia badala ya 21. Naitrojeni ikiwa imepungua, mtu anaweza kukaa kwenye kina cha wastani kwa muda mrefu zaidi, na hiyo ni faida kubwa kwa kijana anayewapeleka wageni majini siku baada ya siku. Lakini oksijeni yenyewe, ikizidi mgandamizo, hugeuka sumu, ikaleta degedege, na mtu aliyeshikwa na degedege chini ya maji kifaa humtoka mdomoni. Kwa mchanganyiko huo wa sehemu 32, mpaka ni karibu mita 33. Mwenye elimu hupima gesi ya mtungi wake kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kushuka, akaandika kipimo hicho juu ya mtungi. Asiye na elimu huchukua mtungi wowote uliopo chomboni.

Baada ya gesi tuje kwenye maji yenyewe. Bahari yetu haikai namna moja. Wavuvi wetu wanajua tangu zamani kwamba bamvua si maji mafu, na kwamba kaskazi na kusi kila mmoja ana tabia yake. Katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, maji huingia na kutoka ghuba ya Chole kwa nguvu kubwa kupitia mlango wa Kinasi. Saa ya kuzama pale hupangwa kwa kufuata maji kupwa na kujaa, na anayekosea saa hiyo hujikuta anachukuliwa kwenda bahari kuu. Huko Pemba, kuta za matumbawe hushuka mbali kuliko jicho linavyofika, na mtu asiyejua kutawala uzito wake majini anaweza kuzama mita 20 zaidi bila ya kujua, kwa kuwa hakuna sakafu ya kumzuia. Kozi ya kutumia dira, kozi ya kuzama katika mkondo, na mazoezi ya kupandisha boya la ishara ili nahodha wa chombo akuone, zote hizo ni elimu ya kurudi nyumbani. Na mwenye busara huongeza juu yake maneno ya mzee wa pwani ambaye hajapata kuvaa mtungi hata siku moja, lakini anaujua mkondo huo kama anavyoujua uchochoro wa kwao.

Huenda msomaji mmoja akasema, “Mtu hodari atajifunza hayo kwa uzoefu.” Kwa swali hilo nitaomba tutazame mbali kidogo na kwetu, kwa kuwa jibu lake liliandikwa kwa maisha ya watu.

Huko Marekani, katika jimbo la Florida, ziko chemchemi zenye maji maangavu ambazo huingia chini ya ardhi na kuwa mapango marefu. Katika miaka ya 1960 na 1970 watu wengi walifia humo. Miongoni mwao walikuwamo walimu wa kupiga mbizi, watu waliowafundisha wengine baharini. Bahari iliwazoesha kwamba wakipata taabu watapanda juu, na ndani ya pango juu kuna mwamba. Bahari haikuwafundisha kwamba pezi moja likigusa tope, maji maangavu hugeuka giza ambalo hata kurunzi haipenyi.

Mwalimu mmoja wa hisabati, Sheck Exley, alikaa chini akachunguza vifo hivyo kimoja kimoja kama mtu anayesahihisha madaftari ya wanafunzi. Mwaka 1979 alitoa kitabu chembamba juu ya misingi ya kuzama mapangoni. Aliona kwamba makosa yaliyoua watu yalikuwa machache, nayo yalijirudia. Watu hawakutandaza kamba moja isiyokatika kutoka nje hadi ndani. Hawakubakiza theluthi mbili za hewa kwa safari ya kutoka. Walishuka kina kilichozidi uwezo wao. Baadaye yaliongezwa mambo mawili, mafunzo maalumu ya mapango na taa zisizopungua tatu. Kanuni hizo ndizo msingi wa kozi za mapango hadi leo. Na ili tusije tukadhani kwamba elimu ni hirizi, tukumbuke kwamba Exley mwenyewe alifariki mwaka 1994 katika shimo la maji la Zacatón, nchini Mexico, akitafuta kina kikubwa mno. Elimu humwonyesha mtu mpaka ulipo. Kuuheshimu ni kazi yake mwenyewe.

Mfano wa pili wengi wenu mnaukumbuka. Mwezi Juni mwaka 2018, vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao walinaswa na mafuriko ndani ya pango la Tham Luang nchini Thailand. Wanamaji wa nchi hiyo walijitolea kwa ushujaa mkubwa. Lakini waliowafikia vijana hao tarehe 2 Julai walikuwa Waingereza wawili, Richard Stanton, aliyekuwa mzima moto, na John Volanthen, fundi wa kompyuta. Hao walikuwa watu wa kazi za kawaida, waliotumia siku zao za mapumziko kwa miaka mingi kujifunza jambo moja, kuzama katika mapango yenye tope na baridi. Tarehe 6 Julai, Saman Kunan, mwanamaji wa zamani wa Thailand aliyekuwa akipeleka mitungi ya hewa ndani ya pango, alipoteza maisha. Ujasiri wake hauna wa kuubishia, nasi tunamwinamia. Tukio lile lilionyesha kwamba hata askari aliyefunzwa barabara kwa bahari anakuta ndani ya pango chuo kingine. Vijana wote 12 na kocha wao walitolewa wazima kati ya tarehe 8 na 10 Julai.

Turudi kwetu. Tarehe 29 Septemba mwaka 2019, katika kivuko cha Likoni, Mombasa, gari liliteleza kutoka kwenye feri likazama na mama mmoja na mtoto wake. Watu walisimama ufukweni siku baada ya siku wakiuliza kwa nini wapiga mbizi hawashuki mara moja. Gari lilikuja kupatikana kwenye kina cha mita 58, mahali penye giza na mkondo, tena penye pilikapilika za meli, na lilitolewa tarehe 11 Oktoba kwa juhudi za wanamaji wa Kenya na wataalamu wengine, wakiwamo wa kutoka Afrika ya Kusini. Mita 58 ni mita 18 zaidi ya mpaka wa mwisho wa uzamiaji wa burudani. Uchungu wa familia ile haupimiki, na wala sisemi haya kuupunguza. Nasema ili tuelewe kwamba mpiga mbizi wa kazi kama ile haandaliwi siku ya msiba. Huandaliwa miaka mingi kabla, na jamii inayoishi juu ya vivuko na majahazi hapana budi iwaandae watu hao wakati maji yametulia.

Sasa nije kwenye kozi ambayo, kwa maoni yangu, kila mwenye cheti cha kwanza angeifikiria mapema kuliko nyingine zote za picha za samaki na meli zilizozama. Hiyo ni kozi ya uokoaji. Humfundisha mtu kumtambua mwenzake aliyeanza kushikwa na hofu kabla hofu haijawa kifo, kumpandisha aliyezimia, kumpa pumzi juu ya maji, na kumvuta hadi chomboni. Huambatana na huduma ya kwanza, na mtu hushauriwa kuongeza mafunzo ya kutoa oksijeni. Kozi nyingine humfaa mwenyewe. Hii humfaa yule aliye karibu naye.

Na hapa familia nayo ina somo lake. Ugonjwa wa mapovu niliouelezea hausubiri mtu awe chomboni. Aghalabu hujitokeza saa chache baada ya kutoka majini, mara nyingine siku ya pili, mgonjwa akiwa sebuleni kwake. Dalili zake ni maumivu ya viungo, ganzi, kuwashwa ngozi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, miguu kulegea au kushindwa kukojoa. Watu wa nyumbani husema ni uchovu wa kazi, au ni upepo mbaya, wakamwacha alale. Msimwache alale akidhani itapita. Mlazeni chali, apewe oksijeni kama ipo, apewe maji ya kunywa kama ana fahamu zake, na apelekwe hospitali haraka. Huko mwambieni daktari bila ya kungoja kuulizwa, “Huyu amepiga mbizi kwa mtungi, kina hiki, muda huu.” Tiba yake ni chumba maalumu cha mgandamizo, na katika mwambao wetu vyumba hivyo ni vya kuhesabu kwa vidole, kwa hiyo kila saa ina thamani. Asipewe pombe. Asirudishwe baharini kwa madai kwamba kina kitamponya. Asipandishwe ndege ya kawaida bila ya ushauri wa daktari. Hata mzima hushauriwa angoje walau saa 12 baada ya mbizi moja, na walau saa 18 baada ya mbizi nyingi, kabla ya kupanda ndege.

Kadhalika tuambiane ukweli kuhusu biashara. Kozi hizi huuzwa, na kama bidhaa zote, nyingine zina uzito na nyingine ni karatasi ya kupamba ukuta. Kabla ya kutoa fedha zenu, ulizeni mambo machache. Je, mwanafunzi atazama mara ngapi, au atasomewa tu? Mwalimu ana wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja? Je, amewahi kumkatalia mtu cheti? Swali hilo la mwisho ni zuri kuliko yote. Mwalimu asiyepata kumkatalia mtu ni muuza kadi. Na kijana asikimbilie kozi tano kwa mwezi mmoja. Azame, azoee, aandike kila mbizi katika daftari lake, kisha ndipo aende darasa la mbele. Aliyekaa mwaka mzima bila ya kugusa maji naye arudi kwanza mahali pa kina kifupi pamoja na mwalimu, arudie yale ya mwanzo, kwani mikono husahau. Dereva aliyeacha usukani miaka miwili hapewi basi la abiria siku ya kwanza.

Waajiri nao wasikilize. Anayempeleka kijana wa watu kwenye mita 30 kila siku, naye amefundishwa mita 18 tu, anaweka akiba ya msiba. Ada ya kozi ni sehemu ya gharama za kazi, kama mafuta ya boti na mitungi yenyewe. Na wale vijana wanaokodi mitungi kwenda kutafuta majongoo bahari bila ya kufundishwa chochote, wakishuka na kupanda mara nyingi kwa siku moja, hao ni ndugu zetu pia. Wengine wamerudi hawawezi kutembea. Badala ya kuwacheka au kuwafukuza tu, yafaa wafundishwe.

Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee wenye mvi walishika kalamu bila ya haya, na hapakuwa na aliyewauliza kwa nini hawakutosheka na waliyoyajua. Mpiga mbizi naye asione haya kuwa mwanafunzi mara ya pili, ya tatu na ya kumi. Bahari haisomi kadi ya mtu. Humpima kwa alichokifanya kabla ya kuingia, na maji usiyoyafika, ndugu msomaji, hujui wingi wake.